Msilaumu dada wa kazi: nyumba zetu ndizo zinazounguza watoto

#1 Mama wa Kinyerezi

Wakuu, habari za jioni.

Kila mtoto akimwagikiwa na uji, swali la kwanza mtaani ni "dada alikuwa wapi?" Mimi nina neno tofauti. Angalieni chumba na sebule tunavyoishi. Jiko la mkaa liko chini kwenye korido. Chupa ya chai imekaa juu ya zulia. Hita imetumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya kuoga, na ndoo yenyewe iko njiani. Mafuta ya taa yamo kwenye chupa ya maji ya kunywa, uvunguni. Mtoto wa mwaka na nusu anapita usawa huohuo, kila kinachounguza kiko karibu na uso wake. Hata umwekee walinzi watatu, siku moja atakifikia.

Hoja yangu: ajali nyingi za watoto wa chini ya miaka 5 nyumbani zinatokana na pale tulipoweka vitu. Ukihamisha kitu umemkinga mtoto kwa mwaka mzima. Ukimgombeza dada, umemkinga mpaka jioni. Nani anapinga? Na nani ana mbinu inayofanya kazi kwenye nyumba ya kupanga?

#2 Mzee wa Sengerema

Napinga mchana kweupe. Sisi tumekulia kwenye mafiga matatu, moto wa kuni tangu asubuhi mpaka usiku, na hapakuwa na meza wala geti. Mama alikuwa na macho. Leo macho yako kwenye simu. Mleta mada anatetea uzembe kwa maneno mazuri.

#3 Bint Pangani

Mzee, shikamoo. Na yale makovu je? Kwetu kila ukoo una mtu mzima ambaye vidole vyake vimegandana, ukiuliza unaambiwa "aliangukia moto utotoni". Hao wote mama zao hawakuwa na simu. Waliungua, ila hakukuwa na wa kuwahesabu.

#4 Nesi wa Zamu

Nafanya kazi wodi ya watoto, naomba niweke sawa jambo moja. Ukisikia "mtoto ameungua" unafikiria moto. Kwa wadogo wa mwaka 1 mpaka 4 tunaowapokea, mara nyingi ni kimiminika: chai, uji, maji ya kuoga, supu, maharage yaliyotoka kuchemka. Anavuta kitambaa cha meza, anarudi nyuma na kukalia beseni, au anagongana na mtu mzima aliyebeba sufuria.

Ngozi ya mtoto ni nyembamba. Maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtu mzima kwa undani ndani ya sekunde kama 5, mtoto hata hizo hazifiki. Na chai uliyomimina robo saa iliyopita, wewe unaiona imepoa na unainywa, bado inaweza kumbabua kifua.

Kuhusu mjadala wenyewe, mama na mzee wote nawaelewa. Mama anayefika kwetu mara nyingi alikuwa hatua mbili kutoka kwa mtoto, anamwona kabisa. Kuona hakukutosha.

#5 Kaka Temeke

Kwetu mtoto akiungua hatukimbilii hospitali. Unapasua yai, unapaka ute. Likiwa kubwa, manyoya ya sungura na asali. Bibi yangu alimponya mdogo wangu mguu mzima, leo anacheza mpira. Hospitali watakufungia bandeji inaganda na nyama, kuivua ni kilio.

#6 Nesi wa Zamu

@Kaka Temeke, mdogo wako namshukuria Mungu. Wanaofika kwetu ni wale ambao manyoya yameshikana na kidonda, chini kuna usaha, na inabidi tung'oe kimoja kimoja ndipo tuone ukubwa wa jeraha. Yai bichi lina vijidudu. Dawa ya meno, unga wa ngano, majivu, mafuta ya kupikia, siagi: vyote vinafunika joto ndani na vinachafua kidonda.

Kitu cha kwanza ni maji. Ya kawaida, yasiwe barafu. Mwagia sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Vua nguo iliyolowa chai na bangili au shanga kabla hajavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi iache. Mwili wake mwingine ufunike asipate baridi. Halafu funika jeraha kwa kitambaa safi au nailoni safi ya kufungia chakula, mlete. Malengelenge usiyapasue.

Na umlete bila kungoja kama ni usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye kiungo, kama ni umeme, kama ni mtoto mchanga. Kipimo rahisi: kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Vikifika viganja 10 anahitaji maji ya mshipa.

#7 Goba Juu

Nesi asante, lakini dakika 20 za maji ya bomba lipi? Huku yanatoka mara mbili kwa wiki, usiku wa manane. Ndoo zilizopo ni za kupikia na kufulia. Ushauri mwingine unaandikwa na watu wenye bomba la jikoni.

#8 Nesi wa Zamu

Swali la haki. Chota kwa kopo, mwagia polepole, kinga kwa beseni. Kama ndoo ni moja tu, lowesha kanga safi, weka juu ya jeraha, ibadilishe kila ikipata joto. Na kama mmeshapoteza nusu saa mkihangaika, bado poozeni: maji yanasaidia hata ndani ya saa 3 tangu aungue. Ndoo ya kufulia itajazwa wiki ijayo.

#9 Bint Pangani

Nesi, hapo kwenye asali umepita haraka. Hata hospitali wanafunga vidonda kwa asali, nimeona mwenyewe.

#10 Nesi wa Zamu

Ni kweli, na tafiti zipo. Ila ile ni asali iliyotakaswa kwa kazi hiyo, inawekwa baada ya kidonda kupozwa na kusafishwa. Ya sokoni kwenye chupa ya soda, dakika ya kwanza, joto likiwa bado ndani ya nyama, ni kitu kingine.

#11 Kaka Temeke

Yaani asali ni ileile, tofauti ni aliyeishika. Sawa, maji nimeyakubali. Sungura bado tutazungumza.

#12 Fundi Mbao Tegeta

Narudi kwa mleta mada maana yeye kagusa kazi yangu. Natengeneza vizuizi vya mlango vya mbao za paleti, wateja wangu wengi ni wapangaji, kwa hiyo hakuna kutoboa ukuta. Kinabana kwenye fremu kwa skrubu mbili za kukaza. Fito ziwe za kusimama, kamwe zisiwe za kulala, maana za kulala atazifanya ngazi. Mwanya usizidi sentimita 10, ukizidi kiwiliwili kinapita na kichwa kinakwama. Kiweke kati ya korido na chumba wakati wa kupika tu, saa zingine unakiegemeza ukutani.

Na jiko liinuliwe. Mtungi mdogo wa kilo 6 wenye plate juu watu wanauweka sakafuni na kuupandishia sufuria la maharage pana kuliko mtungi wenyewe. Ule ukiguswa na mpira tu unalala.

#13 Muha wa Kasulu

Fundi, hujawahi kusonga ugali wa watu wanane. Ule unasongwa chini, umeshika sufuria kwa mguu au kwa fito, nguvu inatoka mgongoni. Ukipandisha jiko mezani, meza na ugali na mpishi wote watashuka. Wanaosema "pandisheni jiko" wanapika wali.

#14 Fundi Mbao Tegeta

Nimecheka lakini umenishika pabaya. Basi kwa ugali pandisha kidogo tu: jukwaa la matofali usawa wa goti, jiko likae kwenye shimo lake lisicheze, na pembeni ukuta mfupi pande mbili. Nimejenga la hivyo Bunju, mpishi anasonga akiwa amesimama kwa kuinama kidogo. Mpini wa sufuria au kikaangio uelekee ukutani. Na ukiwa na gesi, ikivuja inashuka chini, haipandi. Ukisikia harufu fungua mlango na madirisha, usiwashe wala usizime taa.

#15 Muha wa Kasulu

La matofali nalikubali. Bado baba mwenye nyumba.

#16 Mkenya wa Umoja

Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mnaongea juu ya sakafu, sisi shida yetu ni orofa. Naishi ya nne, roshani ina vyuma vya kulala, vile fundi amesema ni ngazi. Watu wanaanika nguo hapo, na wanaacha stuli na ndoo. Mtoto hahitaji zaidi ya hiyo stuli.

Kwa hoja ya nyumba dhidi ya mtu, ngoja niwape mfano. Mji wa New York ulikuwa na watoto wengi wanaanguka madirishani. Tangu 1976 sheria inamlazimisha mwenye nyumba kuweka vizuizi vya dirisha penye mtoto wa miaka 10 au chini, na vifo vya kuanguka vilipungua sana. Akina mama hawakubadilishwa, madirisha ndiyo yalibadilishwa. Landilodi wangu nikimwambia ananijibu nihame.

#17 Mzee wa Sengerema

New York wana polisi wa kukagua dirisha. Hapa nani atakagua? Turudi kwenye kumwangalia mtoto, ni bure na haihitaji sheria.

#18 Dereva wa Masafa

Si bure mzee, inahitaji mtu asiyepika, asiyefua, asiyeenda sokoni.

Mimi naleta lingine ambalo sijaona limetajwa. Vijijini mafuta ya taa yamepungua, siku hizi ni petroli ya bodaboda. Inauzwa barabarani kwenye chupa za maji na soda, mezani, juani, na hubaki nyumbani vilevile. Mwaka jana njia ya Manyoni mtoto wa mwenyeji wangu alikunywa, alikuwa na kiu. Wakamnywesha maziwa, wakamtapisha kwa kidole, ndipo akaanza kuhema kama mbwa aliyekimbia. Tulimpakia kwenye gari. Alilazwa siku nyingi, akapona. Daktari alikuwa mkali kwa lile la kutapisha. Kwa nini? Mimi najua sumu inatapishwa.

#19 Duka la Dawa Mbagala

Kwa sababu mafuta ya taa na petroli hayaui sana kwa tumbo, yanaua kwa mapafu. Ni mepesi mno. Yakipanda kutoka tumboni, tone linaingia njia ya hewa na kusambaa, mapafu yanaungua kwa ndani. Kila tapiko ni nafasi nyingine ya kuingia. Maziwa na mafuta ya mawese yanamfanya atapike, ndiyo maana hayafai. Mvue nguo zilizolowa, mfute, usimpe kitu mdomoni, nenda. Hata kama anacheza, aangaliwe kwa saa kadhaa maana kikohozi kinaweza kuja baadaye.

Hivyohivyo kostiki ya watengeneza sabuni, jiki na maji ya betri: usitapishe. Kostiki imeunguza koo ikishuka, itaunguza tena ikipanda, na koo likipona kwa kovu linaziba, mtoto hawezi kumeza. Akina mama wa sabuni za maji, tafadhali, kostiki isikae kwenye kikombe hata dakika moja.

Na wanaosema hakuna la kufanya: Afrika Kusini miaka ya 1990 waligawa bure vyombo vya mafuta ya taa vyenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, na kesi za watoto kunywa mafuta zikapungua karibu nusu pale vilipogawiwa.

#20 Mama wa Kinyerezi

@Duka la Dawa, ndicho ninachosema! Kifuniko. Mtu ni yuleyule, chumba ni kilekile.

#21 Mwalimu wa Chekechea

Mmeyapita maneno ya mzee haraka mno. Kifuniko kinazuia mafuta, hakizuii ndoo, wala chemba iliyo wazi, wala mbwa. Kuna ajali ambazo dawa yake ni mtu.

Bangladesh watoto wengi wadogo walikuwa wanakufa maji kwenye madimbwi ya nyumbani, hasa asubuhi mama akiwa kazini. Wakaanzisha vituo vya kijiji: mama mmoja wa palepale aliyefundishwa, watoto wa mwaka 1 mpaka 5, saa za asubuhi mpaka mchana. Vifo vya maji kwa watoto waliokuwa humo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Shirika la Afya Duniani likaipokea kama mbinu ya kupendekeza. Sasa sisi tunamwachia nani? Dada wa miaka 13 aliyetolewa kijijini juzi, ambaye kisheria hata ajira hiyo hairuhusiwi, maana Tanzania chini ya miaka 14 ni kosa kumwajiri. Huyo naye ni mtoto. Tunamkabidhi mtoto, jiko na nyumba, halafu chai ikimwagika tunamuuliza alikuwa wapi.

Kwa hiyo si nyumba, si uzembe. Ni kwamba hatujapanga nani analea mchana.

#22 Mwana Ukerewe

Mwalimu umenena. Ila kwa maji mtoto hazami kwenye ndoo, ndoo ni fupi. Tatizo ni ziwa na visima. Huku kwetu tunawaogopea ufukweni.

#23 Nesi wa Zamu

@Mwana Ukerewe, hapo hapana. Mtoto anayejifunza kusimama kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Anachungulia ndoo ya lita 20, anatangulia kichwa, miguu inabaki juu, hawezi kujisukuma atoke, na ndoo ikiwa na maji haipinduki. Sentimita 5 za maji zinatosha kufunika pua na mdomo. Wala halii, kwa hiyo aliye jikoni hasikii kitu. Dakika 4 mpaka 6 bila hewa ubongo unaanza kuharibika. Ndoo ziwe na mifuniko ya kubana, beseni la kufulia limwagwe mara tu nguo zikianikwa.

#24 Mwana Ukerewe

Nimekubali. Mifuniko yetu huku tulishaigeuza sinia za dagaa. Kesho zinarudi kazini.

#25 Bint Pangani

Nani ana maoni juu ya woka, vile vigari vya kumtembeza mtoto? Shemeji ameleta zawadi, anasema mtoto atatembea haraka. Nimesikia Canada wamevipiga marufuku tangu 2014.

#26 Mkenya wa Umoja

Ni 2004, dada. Kuuza, kuagiza, hata kuuza kilichotumika. Sababu ilikuwa ngazi: mtoto anaserereka kwa kasi mtu mzima hawezi kumfikia. Na havimtembezi mapema, badala yake vinachelewesha kidogo kwa kuwa anasukuma kwa vidole vya miguu. Pia kinamnyanyua, anafikia meza ambayo jana hakuifikia.

#27 Bint Pangani

Asante. Shemeji nitamwambia mtoto amekipenda mno tumekihifadhi.

#28 Ustadh wa Chumbageni

Assalam aleykum. Mnasema vifuniko na vituo, nami nasema kuna nyumba ambazo kila mtoto anapata ajali, mmoja baada ya mwingine, na jirani wenye vyumba vilevile hawapati. Jicho lipo. Mtoto anayesifiwa sana kila siku usoni pa watu, asomewe. Sisemi msifunike ndoo. Funikeni, na msome.

#29 Duka la Dawa Mbagala

Wa aleykum salaam ustadh. Sibishani na dua. Ila hiyo nyumba unayoisema, mtoto mmoja baada ya mwingine, mimi ningeanza kwa kuuliza jiko liko wapi na nani anabaki nao.

#30 Ustadh wa Chumbageni

Uliza. Nami nimewahi kuona nyumba ambayo jiko lilikuwa nje, uani, na mambo yakawa hivyohivyo.

#31 Mama Ulanga

Mimi natoka Mahenge, nina sababu nyingine ambayo haina uhusiano na hizo zote. Kwetu wengi wanaoungua vibaya ni watoto wenye kifafa. Anaanguka motoni akiwa peke yake au mbele za watu, na watu wanaogopa kumvuta wakiamini povu lake linaambukiza. Mguu unabaki motoni. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kumgusa. Mvuteni. Na mtoto mwenye kifafa, hata kama anatumia dawa zake kila siku, asiwekwe zamu ya kukaa na moto au kuteka maji kisimani peke yake, hata akiwa mkubwa wa miaka 10. Hapo kifuniko cha ndoo hakisaidii, linalosaidia ni vidonge visikatike.

#32 Kaka Temeke

Hii sikuijua. Mtaani kwetu yuko mmoja, watu wanamkimbia kweli akianguka.

Wakuu, namba ya kupiga ni ipi? 112 ndiyo ambulansi?

#33 Duka la Dawa Mbagala

112 ni polisi. Zimamoto na uokoaji ni 114, hao ndio wa moto, na wa mtoto aliyetumbukia shimoni au kisimani. 115 ni usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ule mpango wa m-mama. Kwa aliyeungua au aliyekunywa kitu, uhalisia wa mjini ni bajaji ya jirani, kwa hiyo uwe na namba ya dereva anayelala karibu.

#34 Goba Juu

Niulize la karanga. Mtoto wa dada yangu, miaka 2, alikohoa wiki tatu. Zahanati moja wakasema pumu, nyingine nimonia, sindano juu ya sindano. Mwishowe hospitali kubwa wakasikiliza upande mmoja wa kifua unapiga filimbi, mwingine kimya. Wakaingiza kamera, wakatoa kipande cha karanga. Dada anakumbuka alipaliwa siku ya kwanza, akachekelea, wakasahau. Je, karanga apewe akiwa na umri gani?

#35 Nesi wa Zamu

Nzima, tusubiri afike miaka 5. Iliyosagwa kwenye uji haina tabu. Vivyo hivyo mahindi ya kukaanga, maharage mabichi ya kuchezea, mbegu za ubuyu, pipi ngumu, sarafu. Na ukienda hospitali mtoto anakohoa, mwambie daktari "alipaliwa siku fulani" hata kama hajakuuliza.

Akipaliwa na hawezi kukohoa wala kulia: wa chini ya mwaka, mlaze kifudifudi mkononi kichwa chini, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5, mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, rudia. Wa zaidi ya mwaka, mgongoni mara 5, kisha simama nyuma yake umkumbatie, ubonyeze juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, unakisukuma.

Na betri bapa za rimoti, saa na midoli yenye taa. Ikikwama kooni inaunguza nyama ndani ya saa 2 hata kama imeisha chaji. Hapo ndipo asali anayoipenda Kaka Temeke ina kazi: mwongozo wa Marekani unasema kwa mtoto wa zaidi ya mwaka 1, vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani. Njiani, siyo mkiwa mmekaa. Chini ya mwaka mmoja asali hapewi kabisa.

#36 Kaka Temeke

Nilijua asali itarudi kwenye huu uzi!

#37 Duka la Dawa Mbagala

Kabla sijalala: vidonge vya kuongeza damu ambavyo mjamzito hupewa kliniki. Vimepakwa rangi, vinang'aa, mtoto anaviona pipi, na mama mwenyewe amevitupa kwenye mkoba kwa sababu vinamchefua. Vikiwa vingi vinaua. Ubaya wake, mtoto anatapika na kuharisha, halafu anapata nafuu ya saa kadhaa, nyumbani mnashangilia, ini likiwa linaharibika. Usisubiri dalili, chukua pakiti na mtoto, ondoka. Na tuache kuwabembeleza wanywe panado kwa kuiita pipi.

#38 Mzee wa Sengerema

Nimesoma yote. Naona kila mtu kaja na mkosaji wake: jiko, dirisha, mwenye nyumba, jicho, kifafa, dada. Mimi bado nasema kwa mtoto mdogo jicho la mama ni la kwanza. Ila kostiki na vidonge sikuvikuta utotoni kwangu, nakiri dunia ya sakafuni imeongezeka vitu. Zamani walisema mtoto akililia wembe mpe. Wembe ulimkata kidole, akajifunza. Kostiki haimfundishi mtu.

#39 Mama wa Kinyerezi

Mzee hapo tumekaribiana, ingawa sijahama. Kwa mwalimu nakubali nusu: kituo kizuri mtaani kwetu ada yake inakula mshahara wa dada mara mbili, kwa hiyo mpaka kije cha bei yetu mimi naanza na jiko. @Fundi, korido yangu ina upana wa sentimita 95, fremu ni ya chuma, skrubu zako zitabana?

#40 Fundi Mbao Tegeta

Zitabana, tunaweka raba kwenye vichwa zisiteleze. Fremu ya chuma ni nzuri zaidi, ile ya mbao iliyooza ndiyo inanitesa. Kimo cha mtoto kipoje? Kama keshafikia kitasa nipandishe kiwe sentimita 80.

#41 Mgeni wa Ilemela

Samahani naingia mwishoni. Wangu ana miezi 9, anatafuna waya wa chaja. Nimepaka pilipili, anailamba. Ekstensheni iko sakafuni kwa sababu soketi ya chumba ni moja tu. Nifanyeje?

#42 Mkenya wa Umoja

Chaja ikimaliza kazi ichomoe ukutani, si kwenye simu tu, ile ncha inayobaki na umeme ndiyo anayoiweka mdomoni. Ekstensheni ipandishe, ifunge nyuma ya kabati au kwenye mguu wa meza kwa kamba, matundu yaangalie ukuta.

#43 Muha wa Kasulu

Na hita ya ndoo kama unayo, chemshia maji mlango umefungwa, mtoto akiwa upande wa pili. Chomoa kwanza ukutani ndipo uitoe kwenye maji. Pilipili achana nayo, akijipangusa macho utakuwa na kesi nyingine.

#44 Mgeni wa Ilemela

Asanteni. Kabati halina nyuma, liko wazi. Naifunga kwenye dirisha, nondo zipo.

#45 Fundi Mbao Tegeta

Dirishani isipigwe na mvua tu. Ikiwa upande wa mvua, funga kwenye chaga ya kitanda upande wa ukutani, na isiguse godoro maana inapata moto.